Nyumba ya Kupigwa Picha

Kila asubuhi Bhoke ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika ofisini kule Suna, mjini Migori, na kazi yake ya kwanza kama msanifu wa majengo ilikuwa kuchemsha chai. Tarishi aliyekuwa akiichemsha aliacha kazi, na Makori, mwenye ofisi, hakuona haja ya kuajiri mwingine wakati msichana yupo. Msichana huyo alikuwa ameketi chuoni miaka chungu nzima akijifunza jinsi mwanga unavyoingia nyumbani na jinsi joto linavyotoka. Sasa alijua pia kwamba bosi wake hupenda tangawizi nyingi na sukari ya kumtosha mtu na jirani yake.

Makori mwenyewe alikuwa mtu wa muhuri. Kuchora aliacha zamani, kama kweli aliwahi kuanza. Alichobaki nacho ni jina kwenye kibao, kitambi, na ule muhuri aliouweka kwenye droo na kuufungia kwa ufunguo. Bhoke alichora, Makori akagonga. Mtu akiuliza nani amebuni jengo zuri namna hii, Makori alijikohoza kidogo na kutazama chini, eti mnyenyekevu. Bhoke alinyamaza. Makori asipothibitisha kwamba amefanya kazi chini yake, hangeruhusiwa kufanya mtihani wa kusajiliwa, na bila kusajiliwa angechemsha chai mpaka nywele ziote mvi.

Alhamisi hiyo mteja wa kwanza alikuwa mwuza simu aliyetaka jumba la vioo alilolipenda mtandaoni, lenye bwawa la kuogelea juu ya paa. Kiwanja chake kilikuwa pale ambapo marehemu babake alikuwa akifungia mbuzi. Bhoke alianza kumweleza habari ya udongo mweusi wa pale, ambao hupasuka kiangazi na kuvimba masika, na habari ya maji, ambayo hayapo kabisa. Makori akamkata kwa kusema inawezekana. Neno hilo ndilo lililomnenepesha. Kwa mtu mwenye pesa kila kitu kiliwezekana, hata samaki kufugwa darini. Mteja akatabasamu, akageuka na kumwambia Bhoke, "Sista, niongeze sukari." Akaongezewa.

Mteja alipoondoka, Makori alimwambia apande pikapu ya ofisi aende Rodi Kopany. Nyumba aliyoiagiza Mheshimiwa Joash lazima imalizike leo, maana mwili unafika jioni.

Heshima ya huyo Mheshimiwa hakuna aliyejua ilitoka wapi. Aligombea kiti akaangushwa, akagombea kingine akaangushwa vibaya zaidi, lakini jina lilikuwa limemganda na yeye hakulibandua. Sasa mdogo wake, Zablon, karani wa ghala la mahindi mjini Migori, alikuwa amefariki ghafla bila kuwa na nyumba kwao, mbele kidogo ya Rodi. Na kwa Waluo mwanamume mzima hazikwi bomani bila nyumba yake. Kama hakujenga akiwa hai, jamaa humjengea upesi kabla ya kuchimba kaburi, mwili ulale humo usiku wa mwisho, kesho yake wamzike.

Si kwamba Zablon hakutaka kujenga. Alitaka siku zote. Lakini mdogo hajengi kabla ya mkubwa, na mkubwa alikuwa Nairobi akisema mwaka ujao, mwaka ujao. Zablon alingoja, akalipa kodi ya chumba Migori, akazaa watoto humo humo, mpaka akafa. Kwa hiyo yule aliyemzuia kujenga ndiye leo alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kumjengea, na alikuwa ameshonesha suti nyeusi kwa kazi hiyo.

Nyumba yenyewe Bhoke aliichora mchana mmoja. Makori alimwambia mambo mawili tu: iwe na uso wa kupendeza, na mlango usifunguke, uwe wa kuonekana. Bhoke aliuliza kwa nini. Makori akamwambia, "Chora." Akachora. Uso wa mbele aliufanya wa plaiwudi iliyobandikwa karatasi ngumu zenye sura ya mawe, nguzo nene nyeupe ambazo ni mabomba ya plastiki, madirisha ya vioo vyeusi vilivyogundishwa ukutani. Mlango ulikazwa kwa parafujo juu ya plaiwudi kama picha inavyotundikwa. Hata kitasa alikichagua mwenyewe, cha rangi ya dhahabu, na alikifurahia. Kisha kwenye kompyuta akaweka nyasi za kijani na ndege wanaoruka. Picha hiyo ilikuwa tayari kwenye jalada la nyuma la kijitabu cha mazishi na kwenye bango kubwa njia panda ya Rodi, imeandikwa Makao ya Marehemu. Bhoke alijiambia kwamba huo ni mwanzo tu, kwamba nyumba kamili itakuja nyuma yake. Hakumwuliza mtu, na alijua vizuri sana kwa nini hamwulizi.

*

Ukisimama mbele ya nyumba ile, uliona hoteli. Ukisogea pembeni kidogo uliona ubao, na nyuma ya ubao mabati yaliyoshikwa kwa nguzo na misumari ya kuhesabika, na ndani yake magugu. Sakafu hakuna. Bati moja la nyuma lilikuwa limeachwa wazi ili mafundi wapite, na hilo pia lingefungwa leo.

Kwa upande wa juu wa boma, kwa kuwa mkubwa lazima atangulie, Joash naye alikuwa amesimamishiwa nyumba yake asubuhi ile. Ilikuwa vijiti vinne na mabati mawili. Mbwa angelala humo kwa kulazimishwa.

Boma lilijaa hema, viti vya plastiki, masufuria na jenereta. Bhoke hakuwa ameshuka vizuri kwenye pikapu, mwanakamati mmoja mwenye beji kifuani akamjia mbio na kumuuliza injinia yuko wapi. Bhoke akasema yeye ndiye msanifu. Yule bwana akaitikia sawa, sawa, akatazama ndani ya pikapu, akauliza tena, injinia yuko wapi. Alipoona hakuna mwingine, alimwonyesha mahali wanawake walipokuwa wakimenya viazi, asije akachoka kwa kungoja.

Aliyemwokoa ni mjane. Scovia alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini, mzaliwa wa kisiwa cha Remba ambako watu wamebanana mpaka jirani akipiga chafya unamwombea afya bila kutoka kitandani. Labda ndiyo maana alikuwa na hamu kubwa ya vyumba. Alimshika Bhoke mkono na kumpeleka kando.

"Madam, ni wewe ulichora hii nyumba?"

"Ni mimi, mama. Pole sana kwa msiba."

"Asante. Nilikuwa nataka kukuuliza, watoto watalala upande gani? Na kitanda yetu ni ile kubwa. Itapita kwa hiyo mlango?"

Scovia aliendelea kueleza, taratibu, kama mtu anayepanga vyombo kabatini. Mheshimiwa alimwambia arudishe ufunguo wa nyumba ya kupanga Migori, kwani kodi ya nini na nyumba yako iko nyumbani. Ameurudisha. Vitu vyote viko kwenye lori, vinakuja: kitanda, makochi, cherehani anayoshonea sare za shule. Mtoto wake Liz ataingia shule ya hapo Rodi. Jambo moja tu ndilo lilimsumbua, kwamba tangu asubuhi amekuwa akiusukuma ule mlango na haufunguki. Pengine ni rangi.

"Ngoja nimuulize Mheshimiwa," Bhoke akasema, na akaondoka upesi ili asitazamwe usoni.

*

Joash alikuwa chini ya hema jeupe lililosimamishwa mbele ya nyumba, akimwelekeza mpiga picha. Jeneza litakaa hapa, kwenye meza yenye kitambaa cha zambarau, na nyumba ionekane nyuma yake yote, nguzo zote. Yeye atasimama hapa. Hapana, hapa, jua lisimpige kwenye upara. Alijaribu uso wa huzuni, akauliza unaonekanaje, mpiga picha akamwambia ainue kidevu.

Bhoke alimweleza kwamba mjane anauliza habari ya mlango. Joash akacheka kwa upole, akamwekea mkono begani, mkono mzito wenye pete.

"Nyar Kuria," akasema, maana yake binti wa Wakuria. "Hii mambo yetu wewe huwezi elewa, lakini wacha nikufunze. Mwili ukilala ndani, hiyo nyumba ni ya marehemu. Haiguswi tena. Ukiibomoa unajiletea mkosi kwa familia nzima. Mjane anakaa humo mpaka azeeke, na shamba inabaki kwake na watoto. Sasa hii mabati ni ya kukodi. Mbao ni ya kukodi. Jumatatu zinarudi kwa wenyewe. Kwa hivyo mwili italala hapa kwa hema. Mlango imekwama, rangi ni mbichi, wazee wataelewa."

"Wazee wamekubali?"

"Ng'ombe yenye watakula ni ya nani?"

"Na Scovia?"

"Ndugu zake wako Remba. Huko kuna samaki, omena imejaa, hawezi lala njaa."

"Lakini ulimwambia arudishe nyumba ya Migori."

Joash alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Alikuwa anataka kulilia huko. Watu wangeniuliza mjane yuko wapi."

Alisema hivyo bila hata kushusha sauti. Bhoke alihisi chuki ikimpanda, na nyuma ya chuki aibu, maana mlango ule uliomfurahisha huyu bwana ulitoka mkononi mwake. Fikra hii ya kumnyima mjane nyumba kwa kitu kidogo kama bawaba, jamani, ilikuwa na akili ndani yake. Kumbe Joash hakuwa mjinga, na hilo lilimfanya Bhoke amdharau zaidi.

Alikwenda nyuma ya pikapu akampigia Makori. Alieleza yote. Makori alisikiliza huku akitafuna kitu, kisha akasema yeye ni mtu wa Kisii, Bhoke ni Mkuria, na mambo ya Waluo wayaachie Waluo. Mteja ametaka mlango usiofunguka, amechorewa, amejengewa. Akauliza dari ya baraza imepakwa rangi? Bhoke akasema mjane hana pa kwenda. Makori akasema wajane ni wengi, wasanifu wasiosajiliwa pia ni wengi, akakata simu.

Basi Bhoke akachukua brashi akapaka dari ya baraza. Ndiyo, alipaka. Mtu angependa kusema kwamba alitupa brashi chini akasimama kama shujaa, lakini alipaka mpaka kona ya mwisho, na alipaka vizuri.

*

Lori liliingia mchana, watu wakila. Joash hakutaka vitu vya mjane vionekane kwenye picha. Aliamuru vishushwe nyuma, kando ya choo cha wageni, vifunikwe turubai. Kitanda kikaegemezwa mti wa ojuok, miguu juu. Cherehani ikawekwa kwenye tope lililotoka kwa wanaoosha masufuria. Scovia alisimama akiangalia, akauliza kwa adabu kwa nini visiingizwe ndani moja kwa moja. Aliambiwa rangi ni mbichi. Alivua kanga ya mabegani akaitandika chini ya cherehani.

Liz, bintiye, mtoto wa darasa la pili, hakuelewa habari ya rangi. Alikuwa amebeba begi lake la shule na alitaka kuliweka nyumbani kwao. Alipanda barazani, akashika kile kitasa cha dhahabu kwa mikono yote miwili, akavuta. Kitasa kikatoka na parafujo zake. Mtoto akabaki amekishika, akitazama matundu mawili madogo kwenye ubao, na ndani ya matundu hakuna kitu.

Mpiga picha alicheka. Joash alikuja kwa haraka, akampiga mtoto kofi mkononi, kitasa kikaanguka, akamwambia mbele ya watu wote kwamba ana mkono wa kuharibu kama wa babake. Kisha akakiokota na kumpa Bhoke.

"Rudisha na gundi," akasema. "Na uweke utepe hapo, watoto wasiguse."

Halafu akapanda gari lake kubwa, magari mengine yakamfuata yakipiga honi, wakaenda Homa Bay kuuchukua mwili.

Bhoke alibaki na kitasa mkononi. Kilikuwa chepesi sana. Hakukumbuka uthibitisho wa Makori wala mtihani. Alikumbuka tu kwamba alikichagua kwa simu usiku mmoja akiwa kitandani na kujiona mtu mwenye jicho. Alimwita Orina, fundi mkuu, aliyekuwa amelala kivulini baada ya kushiba ugali wa matanga.

"Leta grinda na msumeno. Tunafungua huu mlango."

Orina alisema hapana bila kuinuka. Kwenye mchoro mlango ni wa kubandikwa, yeye amebandika, kazi imeisha. Isitoshe Makori atamla nyama. Bhoke alimwambia mchoro ni wake na ameubadilisha. Orina akauliza Mheshimiwa amekubali? Bhoke akatazama upande wa barabara, akadanganya. Alisema Mheshimiwa mwenyewe ndiye ameagiza urekebishwe, si wote wamesikia? Kwa kweli wote walikuwa wamesikia agizo la kukirudisha kitasa, na Orina hakuwa mtu wa kuchunguza maneno. Aliinuka akilalamika juu ya mgongo wake, juu ya jua, juu ya wanawake wanaosoma.

Walitoa parafujo za mlango, wakaulaza barazani. Wakakata plaiwudi nyuma yake, na karatasi zenye sura ya mawe zikachanika na kuonyesha gundi ya manjano. Bhoke aliwaambia wakate zaidi kila upande, kwani jeneza halipiti peke yake, linapita na mabega ya watu. Fremu wakaipiga kwa mbao zilizobaki, mbichi, zisizopakwa chochote. Bawaba zilinunuliwa Rodi kwa pikipiki. Kazi ilikuwa mbaya. Chuoni angetimuliwa kwa kazi ile. Mlango uliinama upande mmoja na ulikwaruza chini. Lakini uliposukumwa ulifunguka, na jua la alasiri likaingia likaangukia magugu.

Kisha Bhoke akawaambia wapige misumari bati la nyuma, wapige barabara, asipite mtu tena huko. Wanawake wa viazi walikuwa wameacha kumenya. Mmoja wao alimwita Scovia.

Scovia alikuja, akasimama mbele ya ule uwazi. Alitazama ndani, akatazama fremu mbichi, akatazama mlango uliosimama sasa kwa bawaba. Aliingia ndani, akaanza kung'oa magugu kwa mikono.

*

Msafara ulirudi jua likiwa bado juu ya vilima. Joash alikuwa ametokeza kiwiliwili kwenye paa la gari, akipunga mkono kama aliyeshinda kiti. Waombolezaji walikimbia mbele wakiimba. Gari la maiti likasimama, vijana wakalitoa jeneza, wakaanza kuelekea kwenye hema jeupe na meza ya zambarau kama walivyoagizwa.

Scovia alitoka ndani ya nyumba akasimama mlangoni, mikono imejaa udongo. Alitazama jeneza likipelekwa hemani. Kisha alisema kwa sauti ile ile ya chini, na kwa kuwa hakulia, watu walinyamaza wamsikie.

"Zablon halali nje. Nyumba yake imefunguliwa. Mleteni."

Vijana wakasimama. Joash alikuwa ameshuka garini, na ndipo alipouona mlango. Uso wa huzuni alioujaribu asubuhi ulimtoka wote ukabaki uso wake mwenyewe. Alisema haraka kwamba mlango ni mbovu, rangi ni mbichi, mwili utachafuka. Jaduong' Ogweno, baba mdogo wa marehemu, mzee aliyekuwa amekubali habari ya hema kwa sababu ya ng'ombe, aliona sasa watu wote wanamtazama yeye. Si kwamba alipata ujasiri. Aliona tu haya kuonekana hana. Alitembea mpaka mlangoni, akaipitisha mikono kwenye fremu yote, juu mpaka chini, akawageuzia watu viganja. Vilikuwa vikavu na safi. Akasema kwa Kijaluo neno moja kwa vijana, nao wakageuka na jeneza.

Joash alifungua mdomo. Kamera zilikuwa zimemwelekea, zile zile alizozilipia. Kiongozi anayetaka kiti angefanya nini mbele ya kamera, amzuie ndugu yake kuingia nyumbani? Jeneza likapita mlangoni likikwaruza kidogo upande mmoja, likaingia. Mayowe ya kilio yakapanda mbinguni. Na hapo, Mungu wangu, Joash alichukua kipaza sauti. Alilia. Alisema hii nyumba amemjengea mdogo wake kwa jasho lake, kwamba alimwahidi na ametimiza, kwamba mjane huyu na watoto hawa watakaa hapa chini ya ulinzi wake daima. Watu walipiga makofi. Mwanakamati mwenye beji alilia zaidi kuliko Joash. Bhoke alimtazama Joash akijifuta machozi ya kweli, maana yalikuwa ya kweli, mtu alikuwa akiyalilia mabati atakayoyalipia, na akamdharau kuliko mwanzo.

Simu ya Makori iliingia kabla hotuba haijaisha. Joash alikuwa amemtumia ujumbe hata kabla ya kushika kipaza sauti. Makori hakupiga kelele. Alisema yeye ndiye aliyemdhamini Joash kwa mwenye mabati, na kwamba sasa hayatarudi. Akauliza ni nani alimwambia abadilishe mchoro. Bhoke akasema mchoro ni wake. Makori akajikohoza, akamwambia basi achukue michoro yake yote iliyoko kwenye kompyuta, kama anajua ni ipi, na asahau kabisa habari ya kuthibitishwa. Pikapu irudi leo, dereva airudishe. Yeye atafute gari lake.

Bhoke aliitia simu mfukoni. Alishangaa kwamba hakuumia kama alivyodhani. Maumivu yangekuja kesho asubuhi, saa ya chai, lakini kwa sasa alijisikia mwepesi, na, tuseme ukweli, alijisikia mzuri. Alitaka kuingia akae kidogo na yule mama, akae chini kwenye udongo kama wanawake wengine, amshike mkono. Aliona ana haki hiyo.

Wanawake walikuwa wakiingia na mikeka. Scovia alisimama kizingitini akiwapokea. Bhoke alipofika, Scovia hakusogea.

"Ni wewe umefungua," akasema.

"Ni mimi."

"Na ile ya kwanza, ile haifunguki. Nani alichora?"

Bhoke angeweza kusema ni Makori, au ni agizo la mteja. Yote yalikuwa kweli kiasi fulani.

"Ni mimi pia."

"Ulijua haifunguki."

"Nilijua."

Scovia alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayethibitisha jambo alilokuwa amelijua tangu mchana. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa na kitu ambacho Bhoke alikitambua mara moja, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amekibeba siku nzima kwa ajili ya Makori na Joash.

"Nilikuuliza kitanda itapita," Scovia akasema, "na ukaniambia ngoja."

Bhoke alisogeza mguu kuelekea kizingitini.

"Umefungua, asante. Mungu akubariki. Lakini ndani usiingie."

Kisha akamshika kiwiko, kwa upole, akamsogeza pembeni, kwa sababu nyuma yake mama mmoja mnene alikuwa amekuja na mkeka na alitaka kupita.